Deni la Marekani: maneno ya majukwaani na hesabu za daftarini

Mabishano ya bajeti kule Washington yamejaa tarakimu za kweli zinazotumiwa kupotosha. Mara nyingi namba yenyewe ni sahihi. Kinachofichwa ni namba hiyo inapimwa dhidi ya nini. Mwaka uliopita? Pato la taifa? Au hali ambayo ingekuwapo kama sheria isingeguswa?

Hesabu nyingi hapa chini ni za mwaka wa fedha 2024, ulioanza 1 Oktoba 2023 na kuishia 30 Septemba 2024. Serikali kuu ya Marekani ilikusanya takriban dola trilioni 4.92, ikatumia trilioni 6.75, na pengo likawa trilioni 1.83. Takwimu hizo tatu zinatosha kupimia nusu ya yale yanayosemwa majukwaani.

Dhana: Nakisi ikipungua, deni limepungua

Nakisi ni pengo la mwaka mmoja. Deni ni lundo la mapengo ya miaka yote ambayo hayajalipwa. Nakisi ya mwaka 2021 ilikuwa trilioni 2.77; ya 2022 ilishuka hadi karibu trilioni 1.38. Hapo mwanasiasa ana haki ya kusema nakisi imekatwa nusu, lakini hana haki ya kusema deni limepungua. Pipa unalolijaza kwa kikombe badala ya ndoo bado linajaa.

Deni lenyewe nalo lina vipimo viwili, na watu hubishana usiku kucha kila mmoja akiwa ameshika chake. Kuna deni lote, na kuna deni linaloshikiliwa na umma (hapa tutaliita deni la umma), yaani hati fungani, karatasi za mkopo ambazo serikali huuza, zilizo mikononi mwa watu, mabenki, mifuko ya pensheni, nchi za nje na benki kuu. Tofauti kati ya hayo mawili ni fedha ambazo serikali inadaiwa na mifuko yake yenyewe, hasa Hifadhi ya Jamii, mfuko wa pensheni za wazee.

Ndiyo maana ubishi juu ya enzi ya Bill Clinton hauishi. Bajeti ilikuwa na ziada kuanzia mwaka wa fedha 1998 hadi 2001. Deni la umma likashuka kutoka takriban trilioni 3.77 mwaka 1997 hadi 3.41 mwaka 2000. Katika kipindi hichohicho deni lote lilipanda kutoka trilioni 5.4 hadi karibu 5.7, kwa kuwa Hifadhi ya Jamii ilikuwa ikikusanya kuliko inavyolipa, na ziada yake kisheria huwekwa kwenye hati za serikali. Anayesema kulikuwa na ziada anasema kweli. Anayesema deni halikushuka naye ana namba yake. Kwa anayetaka kujua mzigo ulioko sokoni, kipimo cha kuangalia ni deni la umma.

Dhana: Marekani imeuzwa kwa China

China ilikuwa na hati za serikali ya Marekani zenye thamani ya zaidi ya dola trilioni 1.3 mwaka 2013. Kufikia mwisho wa 2024 zilikuwa zimeshuka hadi takriban bilioni 760. Japani ndiyo inayoongoza, ikiwa na zaidi ya trilioni 1. Wageni wote kwa pamoja wanashika kiasi cha theluthi moja ya deni la umma au chini kidogo. Sehemu kubwa wanaoidai ni Wamarekani wenyewe.

Dhana: Serikali iendeshe fedha zake kama kaya inavyofanya

Mfano huu una chembe ya ukweli, na ndiyo maana haufi. Serikali haiwezi kukopa bila kujali. Ila ulinganisho unaharibika mahali pawili.

Kwanza, mtu huzeeka na mkopeshaji wake anataka alipwe kabla hajastaafu. Serikali haistaafu. Hati ya zamani ikiiva, inauza mpya na kulipa ile iliyoiva. Marekani iliwahi kumaliza deni lake lote mara moja tu, Januari 1835, chini ya Rais Andrew Jackson, na haikudumu hivyo.

Pili, kinachoamua uzito wa deni ni mwendo wa vitu vitatu kwa pamoja: riba, ukuaji wa uchumi, na nakisi ukiondoa riba. Chukua deni la 100 kwa pato la 100. Riba ikiwa asilimia 3, na pato likikua asilimia 4 (mfumuko wa bei ukiwemo), mwaka ukiisha deni ni 103 na pato ni 104. Uwiano umeshuka hadi karibu 99 bila mtu kulipa hata senti ya deni la asili. Serikali hiyo inaweza hata kuongeza nakisi ya 1 juu ya riba, uwiano ukabaki palepale. Geuza sasa: riba asilimia 4, ukuaji 3. Uwiano unapanda hata kama matumizi yote ukiacha riba yamelipiwa kwa kodi.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia deni la umma lilifika takriban asilimia 106 ya pato la taifa mwaka 1946. Kufikia 1974 lilikuwa chini ya asilimia 25. Kwa hesabu ya dola zenyewe halikufutwa. Uchumi na bei vilikua haraka vikalipita, na kwa miaka mingi bajeti haikuwa mbali na mizani.

Kwa hiyo wanaosema “deni si tatizo, tulishavuka kubwa zaidi” nao wasikilizwe kwa tahadhari. Leo nakisi ni kubwa katika miaka ya amani na ajira nzuri, na riba imepanda. Mwanzoni mwa 2022 wastani wa riba kwenye deni ulikuwa kama asilimia 1.6, mwishoni mwa 2024 ulikuwa zaidi ya asilimia 3.3. Kiasi cha theluthi ya hati huiva ndani ya mwaka mmoja, hivyo riba mpya hupenya haraka. Gharama halisi ya riba ilipanda kutoka takriban bilioni 352 mwaka 2021 hadi karibu bilioni 880 mwaka 2024, ikapita matumizi ya ulinzi. Fedha hizo hazijengi barabara wala hazinunui ndege ya kivita.

Dhana: Punguzo la kodi hujilipia lenyewe

Wazo la msingi si upuuzi. Kiwango cha kodi kikiwa 0, mapato ni 0. Kikiwa asilimia 100, hakuna atakayejisumbua kufanya kazi inayoonekana. Mahali fulani katikati pana kilele. Mchoro huo unabeba jina la mchumi Arthur Laffer. Swali ambalo mchoro haujibu ni uko upande gani wa kilele. Ukipunguza kiwango cha asilimia 91, ni jambo moja. Ukipunguza cha asilimia 37, ni jingine kabisa.

Hesabu hufanywa hivi. Kwanza unakadiria mapato yatakayopotea watu wasipobadili chochote. Halafu unakadiria nyongeza itokanayo na watu kufanya kazi na kuwekeza zaidi. Mwisho unajumlisha riba ya mkopo wa kuziba pengo. Kwa sheria ya kodi ya Desemba 2017, Ofisi ya Bajeti ya Kongresi ilipitia hatua hizo zote na kukadiria nyongeza ya nakisi ya takriban trilioni 1.9 kwa miaka 11. Ukuaji ulirudisha sehemu ya fedha tu. Kodi ya makampuni, ambayo kiwango chake kilishuka kutoka asilimia 35 hadi 21, ilileta bilioni 297 mwaka wa fedha 2017 na bilioni 205 mwaka uliofuata.

Hapo ndipo mtetezi husema: “Lakini baadaye mapato yalivunja rekodi!” Ni kweli, na karibu kila mwaka wa kawaida huvunja rekodi, kwa sababu watu wanaongezeka na bei zinapanda. Kipimo cha haki ni mapato kama asilimia ya pato la taifa, au mapato dhidi ya makadirio ya sheria ya zamani. Ukweli unadai pia kukiri upande wa pili: miaka ya baadaye kodi ya makampuni ilipanda sana, ila mfumuko wa bei na faida kubwa za baada ya korona vinafanya iwe vigumu kuipa sheria ile sifa yote.

Mifano ya nyuma inaelekea kulekule. Rais Ronald Reagan alipunguza kodi mwaka 1981, kiwango cha juu kikashuka kutoka asilimia 70 hadi 50. Mwaka uliofuata akasaini sheria ya kuongeza mapato, kwa kuwa nakisi ilikuwa ikipaa. Jimbo la Kansas lilipunguza kodi kwa kishindo mwaka 2012. Mapato yakaanguka, na mwaka 2017 wabunge wa jimbo, wakiwemo wengi wa chama cha gavana, walipindua kura yake ya turufu na kurudisha sehemu kubwa ya kodi.

Hayo hayathibitishi kuwa kupunguza kodi ni kosa. Mtu anaweza kutaka kodi ndogo kwa sababu zake halali. Akishasema hivyo, aseme pia atakata nini au atakopa kiasi gani.

Ujanja ulio mgumu kuuona uko kwenye tarehe za mwisho. Sheria ya bajeti inaweza kupita Seneti bila kura 60 kati ya 100, ambazo miswada mingi huzihitaji, iwapo itafuata utaratibu maalumu, na kanuni ya Seneti iitwayo ya Byrd inakataza sheria hiyo kuongeza nakisi nje ya kipindi chake, ambacho kwa kawaida ni miaka 10. Basi waandishi wa sheria huweka punguzo lenye ukomo ili gharama ionekane ndogo. Punguzo la 2001 liliwekewa mwisho wa 2010. La watu binafsi la 2017 liliwekewa mwisho wa 2025. Ukomo ukikaribia, wanadai kuliendeleza si gharama, “ni kuendelea na tulichonacho.” Mwaka 2025 mbinu hii ilitumika waziwazi kwenye Seneti. Ukipima dhidi ya sheria iliyokuwapo, ambamo punguzo lingekoma, sheria ya Julai 2025 iliongeza nakisi kwa takriban trilioni 3.4 kwa miaka 10. Ukipima dhidi ya sera iliyokuwapo, kana kwamba punguzo halikuwa na ukomo, gharama ya kuendeleza punguzo inatoweka kwenye karatasi. Dola zitakazokopwa ni zilezile.

Dhana: Kata ubadhirifu na misaada ya nje, pengo linazibika

Misaada ya nje imekuwa kama asilimia 1 ya bajeti. Fuatilia fedha zinakokwenda: mwaka 2024 Hifadhi ya Jamii peke yake ilitumia karibu trilioni 1.46. Ongeza Medicare (bima ya afya ya wazee), Medicaid (ya watu wa kipato cha chini), ulinzi, malipo ya wanajeshi wastaafu na riba, na sehemu kubwa ya bajeti imekwisha. Matumizi ambayo Kongresi huyapigia kura kila mwaka, ukiondoa ulinzi, yalikuwa chini kidogo ya trilioni 1. Humo mna shule, barabara, utafiti, mahakama, mbuga na kadhalika. Ukifuta yote, usibakishe hata mlinzi wa mlangoni, bado karibu nusu ya nakisi ipo.

Namba ya “malipo yasiyo sahihi” nayo husomwa vibaya. Kwa mwaka wa fedha 2024 ilikuwa takriban bilioni 162, nyingi zikiwa malipo ya ziada. Wizi umo ndani yake, lakini pia zimo fomu zilizokosa sahihi na malipo halali yasiyo na nyaraka kamili.

Dhana: Makampuni na matajiri wakibanwa, basi

Kodi ya makampuni ilileta takriban bilioni 530 mwaka 2024. Ikuzwe mara mbili bila kampuni yoyote kuhama wala kubadili hesabu zake, jambo ambalo halitatokea, na bado inaziba chini ya theluthi ya pengo. Kodi kwa matajiri inaweza kupunguza nakisi kwa kiasi cha maana. Kuimaliza peke yake ni ahadi nyingine.

Dhana: Ukiingia daraja la juu la kodi, unabaki na fedha kidogo

Hapana. Kiwango cha juu hugusa dola zilizovuka mpaka tu. Kwa mtu asiye na ndoa mwaka 2024, asilimia 22 ilianza kwenye mapato ya kutozwa kodi yanayozidi dola 47,150. Aliyefika 47,250 alilipa dola 22 kwa zile 100 za juu, na kodi ya zile za chini haikubadilika. Kinachoweza kumuumiza kweli mtu wa kipato cha chini ni kupoteza ruzuku yenye kikomo cha mapato, na hilo si suala la madaraja ya kodi.

Dhana: “Wamekata bajeti” maana yake fedha zimepungua

Si lazima. Mpango uliokadiriwa kukua kutoka 100 hadi 106 ukipewa 103, mmoja atasema umekatwa 3, mwenzake atasema umeongezwa 3. Bei na idadi ya wanufaika vikiwa vimepanda kwa asilimia 5, aliyesema umekatwa yuko karibu zaidi na wanachokiona wananchi.

Dhana: Kupandisha kikomo cha deni ni kuruhusu matumizi mapya

Matumizi na kodi huamuliwa na sheria nyingine. Kikomo, chenye mizizi kwenye sheria ya 1917, kinahusu ruhusa ya kukopa ili kulipa yaliyokwisha kuamuliwa. Kikifikiwa, Wizara ya Fedha huanza hatua za dharura: inasitisha kwa muda uwekezaji kwenye mifuko fulani ya watumishi wa umma ili kupata nafasi. Hatua hizo zikiisha, hakuna sheria inayosema nani alipwe kwanza.

Hili lisichanganywe na kufungwa kwa shughuli za serikali, ambako hutokea Kongresi isipopitisha bajeti ya mwaka kwa wakati. 2025 kulidumu siku 43. Wakati huo riba na pensheni huendelea kulipwa. Kikomo kikivunjika, hata hizo ziko hatarini. Mvutano wa 2011 ulifika karibu sana na ukingo huo, na kampuni ya kupima uaminifu wa wakopaji, Standard & Poor's ikaishusha Marekani kutoka daraja la AAA, lililo la juu kabisa. Sheria ya Julai 2025, ileile iliyoendeleza punguzo la kodi, ndiyo pia iliyopandisha kikomo kwa dola trilioni 5.