Chakula cha mzee si chakula cha mgonjwa

Katika familia nyingi za Mtwara na Lindi, babu au bibi akishafikisha miaka 70 hutengewa sufuria yake: uji mweupe asubuhi, wali uliolainishwa mchana, ugali wa muhogo na mchuzi mwepesi usiku. Wanaompikia hivyo wanampenda, wala sina shaka na nia yao, lakini desturi hiyo imesimama juu ya dhana zinazomdhoofisha polepole.

Dhana ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, ni kwamba mzee hafanyi tena kazi za shamba na kwa hiyo hahitaji kitoweo. Kinachopungua uzeeni ni mahitaji ya nishati. Mahitaji ya protini hayapungui, kwa sababu misuli husinyaa kadiri umri unavyosogea na mwili hauitumii protini vizuri kama ulivyofanya ujanani. Wataalamu wengi wa lishe hupendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 55 hadi 66 kwa mzee wa kilo 55, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye hufuata maelekezo ya daktari wake. Muhogo mbichi hauna hata gramu 2 za protini katika gramu 100, ilhali mbaazi kavu, ambazo mikoa yetu inazilima kwa wingi, zina takriban gramu 20. Ugali wa muhogo usio na mbaazi, kunde wala samaki humshibisha mzee bila kumjenga.

Wengine husema kwamba mzee hana meno, atakulaje kitoweo. Pweza ni kweli atamshinda, lakini kibua aliyechemshwa, akatolewa miiba yote na minofu yake ikavurugwa ndani ya mchuzi, hahitaji meno. Dagaa wakavu hutwangwa kwenye kinu na kuchanganywa na kisamvu, na mbaazi zilizolowekwa usiku kucha huiva zikapondeka kwa mwiko.

Kuna pia imani kwamba mwenye presha hana budi kuvumilia chakula kisicho na ladha. Chumvi apunguze kweli: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na humo imo pia chumvi iliyofichika katika samaki wa chumvi na viungo vya pakiti. Hata hivyo uwezo wa kunusa na kuonja hupungua uzeeni, na mzee akiletewa mchuzi uliopooza huomba chumvi zaidi au husukuma sahani kando, jambo linalonisikitisha kila ninapoliona. Dawa yake ni harufu na uchachu: kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa wakati huo huo, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu kabla ya kusagwa, embe bichi au ukwaju ndani ya mchuzi wa samaki, na ndimu inayokamuliwa sufuria ikishaepuliwa ili harufu yake isipotelee jikoni.

Korosho nazo huogopwa kwa sababu ya mafuta. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya aina isiyodhuru moyo, na gramu 100 za korosho zina takriban gramu 18 za protini. Zikaangwe bila chumvi, na asiye na meno atwangiwe unga wake ndani ya uji, kiganja kimoja tu kwa siku. Tui la nazi ndilo la kupimwa zaidi, kwa kuwa mafuta yake mengi ni yale yanayoganda, hivyo tui la pili litumike siku za kawaida na tui zito liachiwe siku maalumu.

Mwisho ni maji. Wengi huamini kwamba mzee asiyeona kiu hahitaji kunywa, na wengine humnyima wakihofia ataamka usiku kwenda chooni. Hisia ya kiu hufifia uzeeni, na katika joto la Lindi la mwezi wa Novemba mwili unaweza kukaukiwa kabla hajasema neno. Maji mengi apewe kuanzia asubuhi hadi alasiri, na kikombe kikae karibu na mkeka wake, kijazwe bila kusubiri aombe.