Kipima umbali kwa mwindaji wa upinde: yanayosemwa na yaliyo kweli

Katika majimbo mengi ya Marekani msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde hufunguliwa Septemba au Oktoba, kabla ya ule wa bunduki. Majira hayo mgeni anayenunua upinde wake wa kwanza huulizwa dukani kama hataki na kipima umbali: kidude cha kushika mkononi kinachorusha mwale wa leza, kikahesabu muda wake wa kwenda na kurudi, kisha kikakuonyesha umbali kwa yadi. Bei yake huanzia kama dola 100 na kupanda mara kadhaa. Aliyekulia Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, mara nyingi hana mjomba wa kumuuliza, kwa hiyo husikiliza maneno ya dukani na ya kazini. Mengi katika hayo ni nusu kweli.

"Mwindaji hasa hukadiria kwa jicho."

Hadi yadi 20 neno hili lina uzito. Yadi ni pungufu kidogo ya mita, na mshale wa upinde wa kisasa wenye kapi huondoka kwa kasi ya karibu mita 82 kwa sekunde. Ukidhani kulungu yuko yadi 20 kumbe yuko 15, mshale utapita juu ya ulipolenga kwa sentimita mbili tatu tu. Hakuna atakayejua kuwa ulikosea.

Baada ya hapo hesabu inabadilika upesi, kwa sababu mshale hauendi moja kwa moja. Unapinda, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyoshuka kwa kasi zaidi. Tumia pini ya yadi 30 (pini ni vijiti vidogo vya kulengea vinavyofungwa kwenye upinde, kila kimoja kwa umbali wake) kumlenga kulungu aliye yadi 35, na mshale utatua takriban sentimita 10 chini. Akiwa yadi 40, ni zaidi ya sentimita 20. Sasa tazama unacholenga: moyo na mapafu ya kulungu wa mkia mweupe hukaa ndani ya duara la sentimita 20 hadi 25 hivi. Ukilenga katikati kabisa, una sentimita 10 hadi 12 za kukosea kila upande, na hapo hatujahesabu mkono unaotetemeka. Kosa la yadi tano limeshakula nafasi yote. Kosa la yadi kumi linampitishia mshale chini ya kifua, au linamvunja mguu akaenda kufa kichakani usikomwona.

Na jicho hudanganywa na mahali. Mnyama aliye ng'ambo ya korongo usiloliona chini yake huonekana karibu kuliko alivyo. Aliye mwisho wa njia nyembamba msituni, au kwenye kivuli cha jioni, huonekana mbali. Uzoefu hupunguza kosa hilo, haulimalizi. Kwa upinde wenye pini, hapa ndipo kifaa hiki kinapolipa gharama yake.

"Wa kale hawakuwa nacho na walikula nyama."

Walikula, kwa kusogea. Wahadzabe wa Bonde la Ziwa Eyasi hutumia upinde hadi leo, na ustadi wao uko katika kunyata na kuvizia hadi mnyama awe karibu. Wamarekani wanaowinda kwa upinde wa mti usio na pini hufanya vivyo hivyo: wengi hawapigi zaidi ya yadi 20. Kilichobadilisha mambo ni upinde wa kapi, ambao Holless Wilbur Allen wa Missouri alipewa hataza yake mwaka 1969. Uliongeza kasi, ukafungwa pini, moja ya yadi 20, nyingine 30, nyingine 40. Pini hizo zinadai namba. Ukishanunua upinde wa namna hii halafu ukasema utawinda kama babu, umechukua nusu ya mambo ya babu na kuacha ile nusu ngumu.

"Kulungu akitokea, unampima, unapiga."

Hivyo ndivyo matangazo yanavyoonyesha, na hivyo ndivyo kulungu wengi wanavyopotezwa. Kulungu aliye yadi 18 ataona mkono ukipanda usoni. Atainua kichwa, atapiga kwato ya mbele chini mara moja, mara mbili, kisha utaona mkia mweupe ukienda zake.

Kinachopimwa ni miti, na hupimwa kabla. Ukishapanda ulingoni, yaani jukwaa dogo la juu ya mti, na kukapambazuka kiasi cha kuona, pima vitu vinavyoonekana kwa urahisi pande zote ambako mnyama anaweza kupita: shina la mwaloni lenye kovu, 22, jiwe lenye kuvu, 31, nguzo ya kona ya uzio, 38. Zirudie kimoyomoyo. Kisha kifaa kiingie mfukoni, kulungu akija apite kati ya mwaloni na jiwe, nawe ujue la kufanya huku mikono yote miwili iko kwenye upinde. Kumpima mnyama mwenyewe ni kwa anayechelewa mbali akila, kichwa kikiwa chini.

"Ukiwa juu ya mti lazima uwe na kipima umbali kinachorekebisha mwinamo."

Hii wauzaji wanaipenda, kwani huongeza bei. Kanuni yenyewe ni ya kweli: mvutano wa dunia hufanya kazi kwa umbali wa mlalo, si kwa ule mrefu wa mstari wa jicho. Lakini piga hesabu. Ulingo uko futi 20 juu, kulungu yuko yadi 20 kutoka shina la mti. Mstari wa jicho ni yadi 21. Yadi moja! Kwa huyo mwindaji, kupinda kiuno badala ya kushusha mkono peke yake kuna faida zaidi kuliko programu yoyote iliyomo kwenye kifaa. Habari ni tofauti huko milima ya Rocky: mteremko wa nyuzi 30 hugeuza yadi 40 kuwa karibu 35, na hapo nyongeza ya bei ina maana.

"Kinachofika yadi 1,000 ndicho bora."

Namba hiyo hupatikana kwa kitu kinachoakisi mwanga vizuri, si kwa manyoya ya kulungu, na wewe hutapiga zaidi ya 40. Uliza mengine. Je, kinasoma umbali mdogo wa yadi tano au kumi? Je, kina namna ya kuruka kijiti kilicho mbele na kusoma kilicho nyuma yake? Maandishi yake ni mekundu au meusi? Kulungu hutembea alfajiri na jioni, na maandishi meusi saa hizo hayasomeki. Ukungu mzito nao hukivuruga, uwe umelipa dola 100 au 500.

"Mwale humshtua mnyama."

Ni wa infraredi. Haonekani akiuona, kama vile wewe usivyouona. Kinachomshtua ni mkono wako.

"Nikishajua ni yadi 50 kamili, naweza kupiga 50."

Kati ya dhana zote, hii ndiyo naiogopa zaidi, kwa kuwa kifaa chenyewe ndicho kinachoizaa. Kulungu akiwa yadi 30, mlio wa ugwe humfikia kwa sekunde 0.08, ilhali mshale unahitaji kama 0.33. Robo ya sekunde inabaki, na kulungu mwenye wasiwasi huitumia kuchuchumaa ili aruke. Mshale uliolengwa vizuri unapita juu ya mgongo. Kwa yadi 50 muda huo ni mrefu zaidi. Kipima umbali hakijui kama masikio yamesimama, kama mnyama amekupa ubavu au kifua, wala kama kuna tawi kwenye njia ya mshale unaopanda kabla ya kushuka. Umbali wako ni ule unaopiga mazoezini bila kukosa, ukiwa na koti zito.

"Basi kila mtu anakihitaji."

Anayewinda ulingo mmoja katika msitu mzito, ambako huoni zaidi ya yadi 25, hahitaji. Futi kamba ya mita 30 na vipande vya utepe kwenye miti vitamtosha msimu mzima, na hela iliyobaki inunue mishale. Anayekaa kando ya shamba la mahindi au soya, au anayehama mahali kila wiki, anunue.

Ila awe mwangalifu na vile vinavyofungwa kwenye upinde wenyewe. Idaho, kwa mfano, imekuwa hairuhusu kifaa cha umeme kwenye upinde wala mshale isipokuwa mkia wa mshale wenye taa, ilhali cha mkononi hakina neno. Majimbo hutofautiana na kanuni hubadilika, kwa hiyo soma kijitabu cha msimu huu kabla ya kufungua pochi.