Umeumia Nyonga Kazini? Sema Ukweli Tangu Mapokezi

Kijana mmoja alikuja kliniki yetu hapa Moshi akitembelea gongo moja, mguu wa kulia umefupika, kisigino hakifiki sakafuni. Miezi kumi kabla ya hapo alikuwa saidia fundi kwenye jengo la ghorofa. Siku hiyo alikuwa anapandisha karai la zege, ubao wa jukwaa ukachomoka, akaenda chini kwa ubavu, nyonga ikatangulia. Nikafungua faili lake la siku ya ajali. Mstari wa kwanza, kwa mwandiko wa mapokezi, unasema: "Ameteleza bafuni nyumbani."

Nikamuuliza, bafuni? Akatazama chini. Foromani ndiye aliyempeleka hospitali kwa bajaji, na njiani akamsihi asitaje saiti, maana ikifungwa wenzake wote watakosa kibarua. Akaahidiwa kutibiwa mpaka apone. Ahadi ile ilidumu wiki tatu.

Mimi ni daktari wa mifupa, na sehemu ya kazi yangu ni kupima ulemavu wa watu walioumia kazini ili madai yao ya fidia yaamuliwe. Naandika haya kwa sababu ya mstari ule mmoja. Nyonga ina tabia ya kuchelewa kuonyesha ilivyoumia, ilhali fidia inasimama juu ya kile kilichoandikwa mapema. Anayeficha siku ya kwanza anakuja kukosa pa kushika siku nyonga itakapoharibika kweli.

Ngoja nieleze inavyokuwa. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo, kimekaa ndani ya kikombe kilichopo kwenye mfupa wa kiuno. Damu yake inaletwa na mishipa midogo inayopanda kupitia shingo ya mfupa huo. Shingo ikivunjika, au kichwa kikichomoka kwenye kikombe, mishipa ile hukatika au hubanwa. Mfupa unaweza kuungwa vizuri, mgonjwa akatupa magongo, akarudi kazini, na huku ndani kichwa kinakufa taratibu kwa kukosa damu. Maumivu hujitokeza baada ya miezi kadhaa, wakati mwingine hata baada ya miaka miwili. Mara nyingi yanasikika kwenye kinena na kushuka mpaka gotini. Nimepokea watu waliochuliwa goti kwa miezi, kumbe ugonjwa uko nyonga. Na eksirei ya mwanzo inaweza kutoka safi kabisa. Kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ndicho kinachoona mapema zaidi.

Siku ya ajali yenyewe, mwangalieni mwenzenu alivyolala. Mguu ukiwa mfupi na unyayo umegeukia nje, huenda shingo ya paja imevunjika. Mguu ukiwa mfupi lakini goti limegeukia ndani kuelekea mguu mwingine, nyonga huenda imechomoka kwa nyuma. Hii ya pili tunaiona kwa madereva wa watalii: gari linagonga, goti linapiga dashibodi, nguvu yote inasafiri kupitia paja na kukisukuma kichwa nje ya kikombe. Nyonga iliyochomoka inatakiwa irudishwe hospitalini haraka, ikiwezekana ndani ya saa 6, kwa sababu kadiri inavyokaa nje ndivyo kichwa kinavyokosa damu. Tafadhali asikandwe kwa maji ya moto, asivutwe mguu, asipelekwe kwanza kwa mzee anayechua kwa mafuta ya kondoo. Najua mapenzi yaliyo nyuma ya mikono ile, lakini saa zile ni za thamani mno.

Sasa tuje mapokezi. Karani atauliza, "Umeumiaje?" Jibu lako litaandikwa, na litasomwa na watu ambao hawatakuona uso kwa uso. Sema mahali, saa, kazi uliyokuwa unafanya, ulivyoanguka na upande ulioumia. "Nimeanguka saiti, nikiwa kazini, saa nne asubuhi, kutoka kwenye jukwaa, nimefikia nyonga ya kulia." Kama huwezi kusema kwa maumivu, aliyekuleta aseme hivyo hivyo. Kabla ya kuruhusiwa, omba usomewe kilichoandikwa. Ikiwa ni ajali ya barabarani, fomu ya polisi, ile PF3, ichukuliwe na nakala yake itunzwe.

Wengi hunyamaza kwa kuamini kwamba fidia inatoka mfukoni mwa bosi, au kwamba wakikiri hawakuvaa mkanda watanyimwa. Fidia ya ajali kazini kwa Tanzania Bara inalipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Mwajiri ndiye anayechangia. Kwa sekta binafsi kiwango kilianza na asilimia 1 ya mishahara anayolipa, na tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5. Mfanyakazi hakatwi hata senti, na akiona makato ya "fidia" kwenye karatasi ya mshahara ana haki ya kuhoji. Tena mfuko huu haukulazimishi uthibitishe kwamba mwajiri alizembea. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba uliumia ukiwa katika kazi yake. Kinachoweza kukuponza ni utovu wa nidhamu wa makusudi, kama kufanya kazi umelewa.

Kwa hiyo foromani anayekuomba ufiche anamnyima mwajiri wake mwenyewe faida ya mchango alioulipa. Hilo linaniuma zaidi ya yote. Fedha zipo, sheria ipo, na mtu analala kitandani kwa mama yake Kibosho anachangiwa na kanisa.

Mpe mwajiri taarifa mapema iwezekanavyo. Ya mdomo inafaa kuanzia, lakini hakikisha inafuatiwa na maandishi, hata ujumbe wa simu wenye tarehe. Mwajiri akishapata taarifa anatakiwa aifikishe WCF ndani ya siku 7. Madai yenyewe yasivuke miezi 12 tangu siku ya ajali. Kwa jeraha la mkono miezi 12 ni mingi. Kwa nyonga ni michache, ndiyo maana nasisitiza taarifa iingie hata kama unadhani umechubuka tu. Ikija kugundulika mwezi wa kumi na nane kwamba kichwa cha paja kimekufa, na taarifa ya ajali ilishapokelewa, tunakuwa na mahali pa kuunganisha. Bila hiyo, mimi daktari nabaki na nyonga mbovu isiyo na historia.

Mwajiri akikataa kupeleka taarifa, wewe au ndugu yako mwende wenyewe ofisi ya WCF, au muanzie kwa ofisa kazi wa mkoa. Mwajiri kutojisajili ni kosa lake, halikuondolei wewe sababu ya kuandikisha ajali yako.

Hapa ndipo wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, wagumu kama wanavyoitana, hunikatiza na kusema: "Daktari, sisi hatuna mkataba, tunapanda kwa safari." Nawaelewa. Njia ya kushukia Mweka ikishanyeshewa, udongo ule ni kama sabuni, na mtu anashuka kasi akiwa na mzigo kichwani ili awahi kufunga hema kabla wageni hawajafika. Anaanguka kwa matako au kwa ubavu, anasaidiwa mpaka langoni, anapewa posho yake na kuambiwa pole. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, haikomei kwenye karatasi ya mkataba. Inaangalia mambo kama haya: nani anakupangia namna na saa za kufanya kazi, nani anakupa vifaa, kama wewe ni sehemu ya shughuli yake, kama kipato chako kinamtegemea, kama umemfanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Likiwepo hata moja kati ya hayo, sheria inakuchukulia kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo mpagazi atunze jina la kampuni, tarehe ya kupanda, lango, njia na majina ya wenzake wa safari ile. Kiongozi wa msafara naye aandike tukio kwenye daftari lake siku hiyo hiyo. Hayo hayo yanamhusu kibarua wa siku kwenye mashamba ya maua ya Usa River anayeteleza juu ya sakafu yenye maji ndani ya kitalu nyumba.

Kuhusu malipo nitakuwa mfupi, kwani ofisi ya WCF itakupigia hesabu yako mwenyewe. Mfuko unagharamia matibabu. Ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya mshahara wako wa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Mwenye mshahara wa shilingi 400,000 anapata 280,000. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, unapimwa kwa asilimia: usiozidi 30 unalipwa kwa mkupuo, unaozidi 30 unalipwa pensheni ya kila mwezi. Yapo pia malipo kwa ajili ya mtu anayekuhudumia ikiwa huwezi kujihudumia, na utengemao, yaani mazoezi, vifaa na mafunzo ya kukurudisha kwenye kazi unayoiweza.

Kwenye kupima asilimia ndipo ninapokutana na kosa la pili, nalo ni haraka. Mgonjwa amechoka, anataka fedha zake, anaomba apimwe mwezi wa nne wakati mfupa haujatulia. Siwezi kupima nyonga inayobadilika. Tunasubiri mpaka tuone kwamba matibabu yamefika mwisho wake, ndipo napima: inakunja kwa kiasi gani, inafunguka kwa kiasi gani, mguu umefupika sentimita ngapi, unachechemea vipi, unapanda ngazi au huwezi, unachuchumaa au huwezi. Hilo la kuchuchumaa usiliache hata kama daktari hajauliza. Mtu wa kijijini asiyeweza kuchuchumaa hapalilii, haokoti kahawa, hatumii choo cha shimo bila kushikiliwa. Sema yote. Kujikaza mbele ya daktari anayekupima ni kujipunguzia.

Na usimfiche historia yako ya kale. Kichwa cha paja hufa pia kwa watu wenye selimundu, kwa wanaokunywa pombe kupita kiasi, kwa waliotumia dawa za steroidi muda mrefu. Mfuko utauliza, na ni haki yake kuuliza. Ukinieleza mapema, naandika hali yako ilivyokuwa kabla ya ajali na kilichoongezwa na ajali. Ikigundulika baadaye kwamba ulificha, hata yale ya kweli uliyosema yanaanza kutiliwa shaka. Kama una eksirei ya zamani, hata ya ajali ya pikipiki ya miaka mitano iliyopita, ilete. Picha inayoonyesha nyonga ikiwa nzima kabla ya ajali ni shahidi bora kuliko mimi.

Wale ambao nyonga zao zimechakaa polepole kwa kubeba magunia miaka ishirini wana njia ngumu zaidi, kwa sababu hapo tunazungumzia ugonjwa uliotokana na kazi, na lazima tutenganishe kazi na umri. Waje na orodha ya kazi walizofanya na miaka waliyozifanya. Faili lao linataka uvumilivu.

Uamuzi ukitoka na hukuridhika nao, uombe kwa maandishi sababu zake na utaratibu wa kuomba upitiwe upya. Nenda na nakala, asili ibaki kwako. Wengi wamewahi kupoteza cheti pekee walichonacho kwenye meza ya mtu aliyesema "niachie nitakusaidia".

Kijana yule wa saidia fundi tulianza naye upya. Eksirei ilionyesha kichwa cha paja kimeporomoka upande wa juu. Faili la zamani hatukuligusa, maana kufuta maandishi ya hospitali ni kosa. Niliandika maelezo mapya yenye tarehe ya siku hiyo, yakisema mgonjwa anaeleza nini sasa, kwa nini mwanzo alisema vingine, na kwamba aina ya jeraha inalingana na mtu aliyeanguka kutoka juu. Mama yake akawatafuta mafundi wawili waliokuwa pale. Mmoja alimpata kwenye saiti nyingine Sakina, Arusha, akaandika ushahidi wake akiwa amesimama, karatasi ikiwa juu ya mfuko wa saruji. Wa pili alikuwa bado na picha kwenye simu: jukwaa lenye ubao uliokatika, karai limepinduka, zege limemwagika, na juu ya picha tarehe na saa. Madai yaliingia zikiwa zimebaki wiki tano kutimia miezi 12.