Je, wajua? Kilo kwa kilo, mbwa mdogo hula kuliko mkubwa

Mbwa wa kilo 3, Chihuahua kwa mfano, huhitaji takriban kilokalori 255 kwa siku. Wa kilo 30 huhitaji kama 1,435. Gawanya kwa uzito: mdogo anatumia 85 kwa kila kilo, mkubwa 48. Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, hivyo hupoteza joto upesi.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwa simu. Chukua uzito uuzidishe kwa wenyewe, hapa 3 × 3 × 3, bonyeza kipeuo cha pili mara mbili mfululizo, zidisha kwa 70, halafu kwa 1.6 ikiwa ni mbwa aliyekomaa na kuhasiwa. Kwa chakula kikavu cha dukani, hizo kilokalori 255 ni gramu 65 hadi 75 hivi. Tumia mizani ya jikoni, maana kikombe hudanganya: gramu 15 zikizidi kila siku, tayari umemwongezea moja ya tano.

Vitafunio visizidi sehemu moja ya kumi, yaani kilokalori 25. Yai moja la kuchemsha lina kama 70. Kwa mbwa huyu yai si kionjo, ni zaidi ya robo ya chakula chake cha siku.

Wapo wanaosema mbwa ni mbwa mwitu, apewe nyama tupu. Utafiti wa vinasaba wa 2013 ulionyesha kwamba mbwa wa kufugwa ana nakala nyingi zaidi za jeni la kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu. Ugali au wali ulioiva anaumudu, ila peke yake una protini kidogo. Nyama tupu nayo ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu, na mtoto wa mbwa anayelelewa nayo mifupa yake hulainika. Mifupa iliyopikwa si dawa ya hilo, kwani huvunjika vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo.

Mchuzi wa mabaki ndio hatari inayopuuzwa. Kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu, kibichi au kilichoiva, na kwa mbwa wa kilo 3 nusu ya kitunguu cha wastani yaweza kutosha kudhuru.

Eti chakula kikavu husafisha meno? Kidogo sana. Mbwa mdogo ana meno 42 sawa na mkubwa, yamebanana katika taya finyu, kwa hiyo ni mswaki, na dawa ya meno ya mbwa, si ya watu.

Watoto wa mbwa hawa wadogo wasikae na njaa: milo 4 hadi 6 kwa siku mpaka miezi mitatu au minne. Sukari ya damu ikishuka hutetemeka, hupepesuka, hata kuzirai. Mpake asali kwenye fizi, usimmiminie kooni, na umkimbize kwa daktari wa mifugo.