Kwa nini kometi huonekana alfajiri, na utaipigaje picha ukiwa Nairobi?

Kila kometi angavu inapotangazwa, watu hushangaa kuambiwa waamke saa kumi usiku. Kwani isingoje watu waamke?

Kometi, au nyota yenye mkia, ni donge la barafu na vumbi ambalo kwa kawaida lina upana wa kilomita chache tu. Likiwa mbali na jua, halina la kuonyesha. Likikaribia, joto huigeuza barafu kuwa gesi bila hata kupitia hali ya maji, gesi inafumuka na vumbi lake, na ndipo mkia unapotokea. Yaani hung'aa zaidi likiwa jirani na jua, na jirani wa jua hufichwa na mwanga wa mchana. Ndiyo maana huonekana muda mfupi kabla ya macheo au baada ya machweo. Kwa mfano, kometi iitwayo Tsuchinshan-ATLAS ilipita kilomita milioni 58 hivi kutoka kwa jua tarehe 27 Septemba 2024. Siku hizo ilionekana alfajiri. Katikati ya Oktoba ikawa imehamia magharibi, jioni.

Nairobi tumependelewa. Tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua hupanda karibu wima. Kometi iliyo digrii 20 juu ya jua huchomoza saa moja na dakika 20 kabla yake. Jua likitoka saa 12:10 asubuhi, muda wako mzuri ni kama saa 11:10 hadi 11:30. Ukichelewa kwa sababu ya chai, shauri yako.

Mkia nao haufuati nyuma kama vumbi la matatu. Mwanga wa jua na upepo wake, yaani chembe ndogo zinazotoka kwenye jua, huusukuma upande usio na jua, hivyo alfajiri husimama kuelekea juu na huweza kuchomoza kabla ya kichwa. Unapopanga picha, acha nafasi kubwa juu.

Wengi hukimbilia Ngong. Mimi singeenda: ukitazama mashariki kutoka kule, taa zote za jiji ziko mbele yako. Afadhali Barabara ya Kangundo, upande wa Joska, jiji likiwa mgongoni. Paa la ghorofa Umoja pia linafaa, mradi matangi ya maji yasizibe mashariki na taa ya mlinzi isikumulike usoni.

Simu yenye hali ya usiku inatosha ukiiegemeza isitikisike. Mwenye kamera aifunge kwenye tripodi, tundu la lenzi ya milimita 50 likifunguliwa kabisa, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600, na kila picha ipigwe kwa sekunde 5. Zaidi ya sekunde 10, nyota huanza kuwa vistari kwa sababu dunia inazunguka. Fokasi ya kujiendesha hupotea gizani, kwa hiyo izime. Tafuta nyota kali, ikuze kwenye skrini, kisha zungusha lenzi polepole mpaka iwe kitone kidogo kabisa. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera, na upanguse umande kwenye lenzi kila mara. Anga likianza kupauka, punguza sekunde.

Darubini ya macho mawili itakuonyesha mkia mrefu kuliko macho matupu. Iweke mfukoni kabla jua halijachungulia. Ukilielekezea hata mara moja, macho yanaweza kuungua.