Mwaka mzima na sindano ya mkono: mablanketi ya viraka niliyomaliza na yaliyonishinda

Mwaka huu nilianza mablanketi 7 ya viraka, yote kwa mkono bila cherehani, nikamaliza 3. Watu wakiniona nashona wanadhani kazi ngumu ni ile ya kuchoma na kutoa sindano, kumbe hapana, hiyo mi nafanya huku nasikiliza redio na mkono unaenda wenyewe. Shughuli iko kabla ya hapo, kwenye kukata, kupima na kushikiza, na karibu kila kilichoharibika mwaka huu kiliharibikia huko.

La kwanza lilikuwa la miraba tu, mistari 14, kila mstari miraba 12. Rahisi eti. Huwa tunaacha robo inchi ya mshono, kama milimita 6 hivi, na mi nikawa nakadiria kwa macho maana si fundi bwana. Sasa ukizidisha milimita 1 tu, inaliwa kwenye vipande vyote viwili, zimeshapotea 2, na mstari wa miraba 12 una mishono 11, piga hesabu mwenyewe, sentimita 2 na kitu hazipo. Mistari mingine nilishona nimetulia ikatoka sawa, kwahiyo kuunganisha mrefu na mfupi viungo havikutani hata uvute vipi. Nikafumua mistari 5. Siku hizi nachora mshono kwa penseli nyuma ya kila kipande, naonekana kama mwanafunzi ila sijafumua tena.

La pili ndo lilinitia adabu. Blanketi la viraka lina tabaka tatu, viraka juu, pamba katikati, bitana chini, na kabla ya kushona mishono yenyewe lazima uzishikize kwa mishono mirefu ya muda. Nikaona uvivu, nikachomeka pini chache nikaanzia kona. Wiki 3 baadaye nageuza nyuma, bitana imejikunja, mkunjo mnene kama mshipa, na nimeshaushonea kabisa. Nilikaa kimya kidogo.

Inavyotakiwa ni hivi: laza bitana sakafuni uso chini, ibandike kwa seloteipu ikiwa imenyooka lakini isikaze kama ngoma, maana ukiivuta sana ukija kuibandua inarudi na viraka vyote vinajikunyata. Juu yake pamba, ilainishe kwa viganja, halafu viraka. Kisha shikiza kuanzia katikati kwenda nje, mishono ya kama sentimita 5, mistari ikiachana upana wa kiganja. Kitambaa cha ziada kinasukumwa hadi ukingoni kinatokea huko, ukianzia pembeni unakifungia ndani.

Ila kuna watu wanaanzia pembeni makusudi na wanatoka salama. Wasidi wa Karnataka, India, ambao asili yao ni Afrika, wana blanketi linaitwa kawandi, wanaanza ukingoni mwa bitana wakizunguka kuingia ndani, kiraka kimoja baada ya kingine, kila kimoja kinashonewa kwenye bitana papo hapo, kwahiyo hakuna shuka zima la viraka la kuteleza juu. La tatu nililifanya kwa njia hiyo, mistari imepinda, na ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Kuhusu udogo wa mishono, msijitese. Mi natoa kama 7 kwa inchi, bora ilingane tu. Sindano iwe fupi (namba ikiwa kubwa ndo sindano inakuwa ndogo, natumia 10) na subana, kile kikofia cha kukinga kidole, vaa kidole cha kati.

Manne yaliyobaki? Moja kitambaa chekundu kilichuja kwenye cheupe, sikukifua kabla, basi. Mawili hata sijui niliyaanza kwa nini. La mwisho ni la vipande vya pembe sita, kila kimoja kitambaa kimekunjwa na kushikizwa juu ya kadi, nina 212 kwenye kopo, juzi nimevipanga sakafuni nikakuta 9 vikubwa kuliko wenzao, nilivikatia kadi nyingine. Nimeanza kuvifumua.