Dashi ni nini, na kwa nini supu ya tambi za Kijapani huanzia hapo

Mtu anayetaka kupika nyumbani supu nyepesi ya tambi za Kijapani, iwe ya udon zinazotengenezwa kwa unga wa ngano au ya soba za unga wa nafaka iitwayo buckwheat, mara nyingi huanza kwa kutafuta tambi. Kufanya hivyo ni kuanzia mwishoni, kwa maana kinachoipa supu hiyo sura yake ni maji yanayozibeba tambi, na maji hayo yana jina lake: dashi. Neno hili limetokana na kitenzi cha Kijapani dasu, yaani kutoa. Dashi ni maji yaliyovuta ladha ya vitu vichache vilivyokaushwa, kisha vitu hivyo vikaondolewa.

Sisi tukisema supu huwa tunafikiria mifupa, makongoro au pweza, vitu vinavyokaa jikoni kwa saa nyingi mpaka vitoe utamu wake. Dashi haina mafuta, haina kitunguu wala kiungo, na hupatikana ndani ya saa moja hivi. Haraka hiyo inawezekana kwa sababu kazi ndefu imekwisha kufanyika kabla ya chungu kuinjikwa, mikononi mwa wale waliokausha, na hili ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alishike kuliko vipimo vyote vinavyofuata.

Dashi inayotumika zaidi ina vitu viwili. Cha kwanza ni kombu, mwani mpana wa rangi ya kahawia unaoota katika bahari ya baridi, hasa kando ya kisiwa cha Hokkaido, ambao huvunwa na kuanikwa hadi uwe mgumu kama ngozi kavu. Cha pili ni katsuobushi, samaki wa jamii ya jodari anayechemshwa, akatolewa miiba, akafukizwa moshi tena na tena, na katika aina iliyo bora akaoteshwa ukungu maalumu na kuanikwa juani kwa miezi kadhaa. Mwishowe huwa mgumu kama gogo, hata vipande viwili vikigonganishwa hulia kama mti. Hukwanguliwa kwa kifaa kilicho kama randa ya seremala iliyogeuzwa juu chini, na kinachotoka ni maranda mepesi ya rangi ya waridi iliyofifia, yenye harufu ya samaki na moshi.

Ladha inayotokana na vitu hivyo Wajapani huiita umami. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Tokyo alibaini kwamba chanzo chake katika kombu ni kemikali iitwayo glutamati, na mwaka 1913 Shintaro Kodama akagundua kwamba katika katsuobushi kuna kemikali nyingine ya ladha hiyo, inosinati. Baadaye Akira Kuninaka alionyesha kwamba vitu vya namna hiyo viwili vikikutana, ladha huwa kali kuliko jumla ya kila kimoja kikiwa peke yake. Wapishi walikuwa wakivichanganya zamani sana kabla ya maabara kueleza sababu.

Kwa watu wawili, chukua lita 1 ya maji na gramu 10 za kombu. Usiioshe, kwa kuwa ule unga mweupe ulioganda juu yake ni sehemu ya utamu. Ifute tu kwa kitambaa chenye unyevu. Iroweke kwa nusu saa au zaidi, kisha weka sufuria kwenye moto mdogo, na mara vipovu vidogo vinapoanza kupanda kutoka chini, itoe kabla maji hayajatokota. Mara yangu ya kwanza niliiacha ichemke, nikidhani kwamba ikikaa zaidi ndipo itakolea, na nilichopata ni ute kama wa bamia na uchungu uliobaki ulimini. Ukishaitoa, acha maji yachemke, zima moto, tia gramu 20 hivi za maranda ya katsuobushi, subiri dakika 2 yazame yenyewe, kisha chuja kwa kitambaa safi bila kukamua. Maji yatakuwa na rangi ya manjano iliyofifia, na yataonekana kana kwamba hayana kitu, mpaka uyaonje.

Msomaji wa pwani asidhani kwamba mwani wa Paje au Jambiani, Unguja, unaweza kushika nafasi ya kombu. Ule ni wa jamii ya mwani mwekundu, unaolimwa kwa ajili ya karagini inayogandisha vyakula, na hauna ladha hii. Lakini anayo dagaa. Wajapani nao hutengeneza dashi kwa niboshi, dagaa wa baharini waliochemshwa kisha wakaanikwa, kama wanavyofanya wachemshaji wa dagaa Unguja. Katika mkoa wa Kagawa, unaosifika kwa udon, dashi ya dagaa ndiyo ya kawaida, kwa hiyo anayeitumia asijione ametumia kibadala. Bana kichwa cha dagaa kwa vidole na ukivute taratibu: kitatoka pamoja na utumbo mweusi, ambao ndio unaoleta uchungu. Roweka gramu 25 za dagaa waliosafishwa katika lita 1 ya maji kwa nusu saa, wachemshe kwa moto mdogo dakika 7 au 8 bila kufunika, huku ukiengua povu, kisha chuja.

Dashi peke yake bado si mchuzi wa tambi. Kwa mililita 800 tia vijiko 4 vikubwa vya sosi ya soya na vijiko 4 vya mirin, kileo kitamu cha mchele. Asiyetumia kileo atie kijiko kikubwa kimoja na nusu cha sukari. Dagaa wakiwa na chumvi nyingi, punguza sosi. Osaka na Kyoto hupendelea sosi isiyokoza rangi, ingawa ina chumvi zaidi, na ndiyo maana mchuzi wao ni mwangavu kuliko ule mweusi wa Tokyo.

Tambi zichemshwe katika sufuria nyingine. Zikiiva, zisuguliwe kwa maji baridi hadi utelezi wa wanga uishe, zipashwe kidogo katika maji ya moto, ndipo ziwekwe bakulini na kumiminiwa mchuzi, na juu yake kitunguu cha majani kilichokatwa vipande vyembamba. Kombu iliyotolewa usiitupe: ikate nyembamba na uipike kwa sosi ya soya na sukari mpaka ikaukiwe, uile kwa wali.